Bibi Wawili Kwenye Vilima vya Hatherby

Bi Nakijwa anafumba macho kidogo tu, si kulala, ni kuyapumzisha, na kochi la bintiye linammeza taratibu kama tope la bondeni linavyomeza mguu. Ni saa nane mchana. Nje kuna kile kimvua cha Hatherby, mji mdogo wa Uingereza wenye nyumba za mawe, kimvua kisichonyesha wala kukatika. Ametoka Usangi, milimani Upare, kuja kumwona mjukuu, amekaa miezi miwili na Jumamosi anaondoka. Mjukuu ana miaka sita na amepewa jina lake, ndiyo maana wao wawili wanaitana somo. Sasa huyo somo hayupo. Amekwenda vilimani na Bi Gwen, mama wa baba yake, mwanamke mrefu mwenye magoti mazima, na wanatembea bure tu, bila kuni kichwani, bila ndoo, bila mgonjwa wa kumjulia hali, wanapanda na kushuka halafu wanarudi walikotoka. Hilo Bi Nakijwa angelimeza. Lililomkaa kooni ni la asubuhi. Bi Gwen alikuwa mlangoni na mabuti yake, mtoto akamwita, twende Bibi. Bibi! Siku zote anamwita Nana. Namsifu, yule binti, akacheka: Mama, Gwen amelipenda hilo neno, anasema ni tamu mdomoni, ameomba na yeye aitwe hivyo. Haya, aitwe, alijibu Bi Nakijwa, akatabasamu lile tabasamu la kumkaribisha mgeni kwenye kiti kibovu. Mama, una wivu? Wivu na nani, mtu mzima mimi, hebu niletee chai yangu.

Chai imepoa. Anafumba macho, na mlango wa jikoni si mlango tena, ni geti la mbao la malishoni, lina kibao cha mshale wa njano, na mguu wake wenye soksi uko upande wa pili tayari. Ng'ambo ya geti ni vilima, na nyuma ya vilima ni vilima, na njia zimelala juu yake kama nyuzi za kikapu kilichofumuka, kila njia ina mshale wake wa njano na kila mshale unaelekea mahali pengine. Kondoo wanamtazama, wanatafuna, wanamtazama. Mbele, mbali, anaona koti jekundu la somo na pembeni yake koti refu la kijani, wameshikana mikono. Anaita, somo! Sauti inatoka ndogo kama ya kifaranga. Makoti yanaingia msituni.

Anakwenda. Ajabu ni kwamba magoti hayaumi, ila njia ndiyo inayochechemea, inapanda inakaa kidogo, inapanda tena. Kwenye ngazi ya kuvukia ukuta wa mawe amekaa mtu wa koti la mvua, na ndani ya kofia ya koti hakuna uso, ni laini tupu kama yai lililomenywa. Hodi baba, anasema Bi Nakijwa, kwa maana hata asiye na uso husalimiwa, wamepita hapa mtoto na mwanamke mrefu? Yule anajibu, wamepita wanaokungoja. Wameelekea wapi? Wameelekea nyuma ya yule wanayemtangulia. We baba, usinitegee vitendawili, nina soksi tu miguuni. Basi niambie, anasema asiye na uso, ni kitu gani ukigawiwa nusu unapata kizima, na ukinyang'anya kizima unapata nusu? Mkate, anasema Bi Nakijwa. Si mkate. Shamba. Shamba nalo sivyo. Basi kaa nacho mwenyewe, anasema Bi Nakijwa, anavuka ngazi na kwenda zake, na nyuma yake anasikia kofia tupu ikicheka.

Msituni miti ni mikubwa na chini kumetanda maua ya buluu kama kanga iliyoanikwa, na njia inagawanyika mara mbili. Njia ya kushoto imelazwa tawi bichi, limekatwa sasa hivi, utomvu bado unatoka. Bi Nakijwa anasimama. Kwao Usangi, anayetangulia akifika njia panda hukata tawi akalilaza kwenye njia isiyo yao, ili wa nyuma wasipotee. Ametembea kwa matawi hayo tangu utotoni. Lakini leo anatazama tawi lile na moto unampanda kifuani. Aha, anasema. Jina langu amelichukua, mjukuu wangu amemchukua, na sasa ananifungia njia. Hanijui huyu. Anainua gauni, analiruka tawi, anakwenda kushoto kwa hasira, na njia ya kushoto inamshangilia, inateremka yenyewe mpaka anakaribia kukimbia. Njia panda nyingine, tawi jingine, analiruka. Panda ya tatu, analipiga teke.

Njia inammwaga mjini. Ni Hatherby na si Hatherby, nyumba za mawe ni zilezile, duka la mikate ni lilelile, lakini kuta zote ni vioo, na mtaa unajitazama mpaka hauna mwisho. Kila mlangoni amesimama mtoto wa koti jekundu anayemwonyesha mgongo. Wote wanaita, Bibi! Bi Nakijwa anaitika, abee somo, na ndani ya vioo wanawake warefu elfu wa makoti ya kijani wanageuka pamoja naye na kuitika pamoja naye, abee, abee, na watoto wanapita wanawakimbilia wao. Anainua mkono, wanainua. Anakunja uso, wanakunja. Anasogea kwenye kioo apate kumtukana mmoja wao vizuri, na mle ndani ya koti la kijani anakuta uso wake mwenyewe, na umekunjwa na wivu mpaka hauna macho, unaanza kuwa laini. Anajishika pua. Ipo, lakini inateleza.

Somo yuko wapi? anamuuliza asiye na uso, ambaye sasa anafagia mtaa. Yuko ulikoelekezwa. Nani amenielekeza, nimefungiwa njia tatu nzima! Yule anaegemeza ufagio. Mama, katika mji huu nani anajua kulaza tawi?

Bi Nakijwa anawapitia mmoja mmoja kichwani. Bi Gwen hajui. Bi Gwen anajua mishale ya njano na ramani ya kukunja. Ni Jumanne tu, wakienda kununua mkate, Bi Nakijwa mwenyewe alichuma tawi la ua wa watu akamwonyesha somo, unalaza hivi, bichi, usilaze kavu, kavu huanguka lenyewe. Mtoto alikuwa anamwonyesha njia, na yeye akaziruka alama zake, moja akaipiga teke. Uwii, mimi mzee gani, anasema, na kugeuka.

Kupanda sasa ni kupanda kweli. Magoti yanauma, soksi zimelowa, tawi alilolipiga teke analirudisha mahali pake, na kila panda anashika njia iliyo tupu, mpaka msitu unaisha na kileleni kuna benchi. Somo amelala usingizi, kichwa kwenye mapaja ya Bi Gwen. Chini yao vilima vya Hatherby vinaelea ukunguni pamoja na vilima vya Usangi, huwezi kusema hiki cha nani. Bi Gwen anageuka, ana uso, tena umechoka, na anasema Kipare kitupu kama aliyezaliwa kwa akina Nakijwa: umechelewa, mtoto amekataa tushuke bila wewe. Bi Gwen anasema, unajua ninavyokuonea wivu? Wewe unaondoka Jumamosi, utaliliwa. Mimi nitabaki hapa nizoeleke kama kiti. Nimeomba neno moja tu lako, ili akiniita, wewe uwemo.

Bi Nakijwa anakaa kwenye benchi. Mbao ni baridi, kisha ni laini, kisha ni kochi.

Mlango unafunguliwa, upepo unaingia, mabuti yanapiga sakafu. Somo anaingia na koti jekundu linatiririka maji. Bibi, umefikaje kabla yetu? Tumekungoja juu pale! Namsifu anasema kutoka jikoni, wewe mtoto, Bibi hajanyanyuka hapo tangu mlipoondoka. Amenyanyuka, nimemwona. Mtoto anajibwaga chini na kunyoosha miguu yote miwili, mmoja kwa huyu, mmoja kwa yule, nivueni. Bi Gwen anapiga magoti kwenye buti la kushoto. Bi Nakijwa anateremka polepole kwenye la kulia. Wakiwa wameinama hivyo, vichwa vyao vikikaribia kugusana, Bi Gwen ananong'ona kwa Kipare safi, pole na njia, mwenzangu. Jikoni Namsifu anaimba, hajasikia kitu. Bi Nakijwa anatazama uso ule, pua ipo, macho yapo, mvua inadondoka kidevuni. Hamuulizi kama wako huku sebuleni au bado wako kule kileleni. Nimeshapoa, mwenzangu, anajibu, haya, vuta, na wanavuta.