Ngamia wa Saynab

Mgeni alitokea upande wa mto, shuka lake limeshika vumbi hadi magotini, na kabla hajapewa hata maji akasema amekuja kuchukua ngamia wa Saynab.

Boma zima likasimama. Shurie, mama mkwe wa Kaltun, akauinua mchi kama rungu.

"Ngamia gani? Hapa hakuna ngamia wa mtu!"

"Wale wa mawe, eedo!" mgeni akasema upesi, akimwita shangazi kwa adabu huku akirudi nyuma. "Mimi ni Awil. Saynab ni mke wa kaka yangu kule Masalani. Amejifungua mtoto wa kike."

Shurie akacheka mpaka akakaa chini. "Wallahi! Mwanamume mzima, kutoka Masalani, unafuata kokoto!"

"Nilikuja kununua mbuzi. Lakini shemeji ameapa nikirudi mikono mitupu sitaonja chai yake tena."

Kaltun hakucheka. Zamani, yeye na Saynab walipokuwa wakichunga wana-mbuzi, kila kokoto nzuri ilikuwa ngamia: mweupe wa maziwa, mweusi wa kubeba mizigo. Siku Saynab alipochukuliwa kuolewa, walipeana ahadi: atakayetangulia kupata binti atapewa kundi lote, bila kubakizwa hata mmoja. Ilikuwa ahadi rahisi. Wote wawili walidhani watoto wako mlangoni tu.

Tangu hapo mvua zilikuja na kupita, na Kaltun hakuwa amepata mtoto. Mfuko wa ngozi wenye kokoto ulikaa kichwani pa kitanda chake, ukimsubiri binti.

Alipoingia kuuchukua, Shurie alimfuata ndani, kicheko kimemwisha. "Usithubutu. Ukitoa vichezeo vya mwanao kabla hajaja, unamfungia njia."

"Nilitoa neno langu, eedo."

"Neno la watoto wachanga!"

Kaltun akakunja mkeka uliokwisha kukunjwa. Akatoka, akarudi, akatoka tena. Awil alikuwa akitazama jua.

"Abaayo, dada yangu, wenzangu wananingoja mtoni na mbuzi."

Kaltun akampa mfuko.

"Ni wote hawa?"

"Wote."

Lakini yule mwekundu, kiongozi wa kundi, ambaye marehemu mama yake Kaltun alimwokotea mtoni, alikuwa ndani ya ngumi yake.

Awil alipoondoka, Kaltun alishika mchi, akatwanga kidogo, akauacha. Alikwenda kuteka maji, akarudi na chombo kitupu. Jiwe lilikuwa limepata joto kiganjani. Saynab angewapanga mkekani mmoja mmoja, kisha angemtafuta mwekundu. Wala asingeuliza. Angenyamaza tu.

Kaltun akatoka mbio.

"Na jua hili?" Shurie alipiga kelele. "Kaltun! Wewe, miiba!"

Ukanda wa kiatu ulikatika njiani. Akaendelea na kimoja. Aliwakuta chini ya mikoma, mbuzi wamekwisha kunywa, watu wanaanza kuondoka.

"Huyu alibaki," akasema akihema, mguu ukimtoka damu.

"Alidondoka?"

"Nilimficha."

Awil alimtazama. Akaufungua mfuko na kumshikia, amtie mwenyewe. Vidole vya Kaltun vilichelewa kidogo kufunguka.

"Mwambie Saynab huyu hutangulia," akasema. "Asimweke katikati."