Mama wa Diwani

Bango la mwanangu walilitundika kwenye nguzo ya taa, usawa wa dirisha langu, hivyo kila nikifungua pazia tunatazamana. Walimpiga picha vizuri. Kavaa koti la marehemu baba yake, kola imekaa sawasawa, na chini wameandika: Sandile Mazibuko, diwani wenu.

Mimi simwiti Sandile. Hilo ni jina alilopewa na bibi yake mzaa baba, kule Ladysmith. Mume wangu Ahmad alikuwa Mzulu aliyesilimu kabla hatujaoana, na mimi ni mtu wa Tanga. Mtoto alipozaliwa tukamfanyia akika hapa hapa Berea, Jobagi, tukamwita Naseeb, na tangu siku hiyo jina langu la Shufaa likabaki la kwenye kitambulisho. Jengo zima, Watanzania, Wakongo, Warundi, wananiita Mama Naseeb. Ndiyo desturi yetu. Mwanamke akishazaa haitwi jina lake kavu.

Diwani wa zamani alifariki, ikabidi kata yetu ifanye uchaguzi mdogo. Ahmad naye alikuwa ametangulia kabla kidogo tu, kwa maradhi ya figo, Mungu amrehemu. Kwa hiyo kampeni zilinikuta kizuka, nimekaa eda: sitoki nje, sipaki wanja wala manukato, nguo zangu nyeupe, na dirisha ndiyo matembezi yangu.

Mwanzoni Naseeb alizungumzia maji na lifti. Nilimwombea kwa moyo mweupe, maana kakulia kwenye ngazi hizi akipandisha ndoo na baba yake. Halafu akapata watu wa kumsaidia, wanaume wenye gari jeusi na fulana zenye picha yake, na maneno yakaanza kubadilika. Majengo yamejaa wageni. Wageni watoke, wenyewe tupate nafasi. Nilikuwa namsikia kutoka juu, sauti yake ikipita barabarani kwenye spika. Mkongo wa chumba cha pili, Marcellin, alisimama mlangoni pangu siku moja na kofia mkononi.

"Mama Naseeb, ule mtoto yako anasema tutoke. Tuende wapi, Mama? Na wewe utaenda na sisi?"

Nilimwambia siasa ni maneno tu. Akaitikia kwa kichwa. Hakuniamini, na mimi sikujiamini.

Siku mbili kabla ya mkutano mkubwa, Naseeb alikuja. Akavua viatu mlangoni, akanibusu mkono, akakaa kwenye kiti cha baba yake. Yeye husema Kizulu, mimi humjibu kwa Kiswahili. Tumezungumza hivyo tangu alipojua kusema.

"Mama, kuna jambo dogo."

"Mwenye jambo dogo hukaa akaegemea. Wewe umekaa ukingoni."

Akacheka kidogo. "Ni hawa majirani. Waambie wasikuite vile. Mpaka kura zipite tu."

"Vile vipi?"

"Mama Naseeb. Watu wakisikia watauliza Naseeb ni nani. Wakijua ni mimi, watauliza mama yangu katoka wapi."

"Katoka Tanga. Wewe mwenyewe umefika, ukala maembe mpaka ukaharisha njia nzima."

"Eish, Mama. Sitanii."

"Wala mimi."

Akatazama chini. "Na pale dirishani... Si uko eda? Kizuka si anatakiwa akae ndani? Basi usichungulie."

Hilo ndilo lililonichoma. "Eda hii ni ya Mungu, nakaa kwa ajili ya baba yako," nikamwambia. "Usiifanye ya kampeni."

Akashika mikono yangu. Mikono yake ilikuwa ya baridi. "Nikishinda nitawaambia mwenyewe, Mama. Nikiwa diwani hawataweza kunifanya kitu. Wallahi."

Mwanangu si mtoto mbaya. Aliogopa, na watu wenye gari jeusi waliijua hofu yake kuliko mimi.

Majirani sikuwaambia kitu. Utamwambiaje mwanamke mwenzako asikuite kwa jina la mwanao aliye hai? Kwetu mama anayekataa kuitwa hivyo ni mama aliyemkana mwanawe. Nikasema nitanyamaza, nitakaa nyuma ya pazia, siku zitapita.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, baada ya alasiri. Walifunga barabara kuanzia kwenye robot, taa za kuongozea magari, mpaka mlangoni kwetu, naye akapanda nyuma ya pikapu na kipaza sauti. Watu walijaa. Nilimtazama kupitia tundu la pazia, nikamsomea Ayatul Kursiy nikampulizia kwa mbali.

Sasa kuna shoga yangu Biubwa, mtu wa Unguja, anauza viungo karibu na Joubert Park. Miaka yote hiyo Jobagi, Kizulu chake ni cha bei tu. Maneno ya wageni watoke yalikuwa yakimpita kama upepo. Alichokijua ni kwamba Naseeb, aliyembeba mgongoni nilipokuwa na homa, leo anagombea. Akakusanya wanawake wa jengo wasiojua Kizulu kama yeye, wakajifunga leso, wakashuka kama wanaokwenda kupokea bwana harusi. Naseeb alipotulia kuvuta pumzi, Biubwa akapiga kigelegele, wenzake wakapokea, kisha akageuka akatazama juu na kuniita kwa nguvu zake zote, kidole mara kwangu, mara kwa Naseeb.

"Mama Naseeb! Mama Naseeb we! Tokea dirishani, bibi! Njoo umwone mwanao anavyong'ara!"

Mtu ukiitwa jina hilo miaka yote, miguu inakwenda yenyewe. Nilisikia mdomo wangu ukisema "Labeka," na mkono umeshavuta pazia.

Nyuso zote zikanigeukia. Mzee mmoja wa mbele akapaza sauti, "Sandile! Huyo mama wa wapi anakuita mtoto wake?" Mwingine akadakia, "Kwerekwere! Kumbe tumeletewa mtoto wa kwerekwere!" Ndilo jina wanalotuitia sisi wa kutoka nje. Wakacheka, na baadhi hawakucheka.

Biubwa alikuwa bado anapunga leso. Hakuelewa.

Naseeb akainua macho. Tulitazamana kwa muda mfupi, nikamwona anameza mate kama alivyokuwa akimeza utotoni akitaka kulia. Nikasema moyoni, sasa atasema. Limeshatoka, hana pa kulificha, atasema.

"Huyo ni gogo wetu, mpangaji wa juu," alisema kwenye kipaza sauti. Gogo kwa Kizulu ni bibi kizee. "Gogo kafiwa na mumewe juzi, akili imeyumba kidogo. Kila kijana anayemwona anamwita mwanawe. Tumheshimu. Mama yangu mimi nilishamzika Ladysmith."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliowafanya waamini. Watu wakasema "shame", neno la hapa la kumwonea mtu huruma, na mama mmoja akanipungia mkono. Nikampungia na mimi, sijui kwa nini. Nikalirudisha pazia nikakaa chini sakafuni.

Jioni ile Biubwa alipanda ngazi akisaidiwa na Marcellin, ambaye ndiye aliyemfasiria. Alikuwa kalia mpaka sauti imekauka.

"Nimekuponza, Ma..." akaanza, akakwama. Akatazama ukuta. "Nimekuponza, Bi Shufaa."

Hakuna aliyeniita hivyo tangu nilipokuwa bibi harusi. Nikamwambia akae.

"Mtoto gani huyu?" akasema. "Mtoto gani anamzika mamake yuko dirishani? Mungu atamuo..."

"Usimalizie, Biubwa. Nakusihi. Maneno ya kinywa chako usiyamalizie juu yake."

"Bado unamtetea!"

"Simtetei. Naogopa yatamfika."

Marcellin alikuwa amesimama tu. "Mimi nilifikiri," akasema polepole, "hata kama anatufukuza sisi wote, mama yake hatamfukuza."

Siku ya kura ilikuwa Jumatano. Mimi si raia, na hata ningekuwa raia nilikuwa eda. Nilitazama foleni ikizunguka shule, nikatandika mswala. Nilipoinua mikono kuomba nikakosa la kusema. Akishinda, atakuwa ameshinda kwa kunizika. Akishindwa, atasema aliyemwangusha ni mimi. Nikakaa na mikono juu mpaka ikafa ganzi, nikaishia kusema, ya Rabbi, mrudishe nyumbani salama.

Akashinda. Usiku kucha magari yalipiga honi, na asubuhi mabango mengine yote waliyachana, lake wakaliacha.

Alikuja kesho yake jua likielekea kuzama. Wenzake wa gari jeusi walibaki kwenye korido, mlango ukabaki wazi. Akavua viatu. Safari hii hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti mbele yangu kama Ahmad alivyomfundisha, siku ya mtihani wa shule, siku ya kuanza kazi, kila siku kubwa.

"Mama, kesho naapishwa. Baba alisema nisianze jambo bila radhi zako."

Aliyasema karibu na sikio langu, watu wa korido wasisikie.

"Uliniambia ukishinda utawaambia," nikasema.

"Bado mapema. Uchaguzi wa jiji lote unakuja. Baada ya huo, Mama."

"Sikwambii upande kwenye pikapu. Wenzako hao hapo, mlango uko wazi. Niite tu. Ulikuwa ukitoka shule unaniita kutoka ngazi za chini, jengo zima linajua umerudi. Niite hivyo, mara moja."

Akageuza shingo kutazama korido. Mmoja wao alikuwa anaongea kwenye simu, mwingine anasoma maandishi ya ukutani. Nikaona kifua chake kinajaa hewa, nikajiweka tayari, Mungu ananijua nilivyojiweka tayari. Mishipa ya shingo ikasimama.

Ile hewa ikatoka bure.

"Mama," akanong'ona. Nililiona mdomoni zaidi ya kulisikia.

Ningeweza kumnyima. Wapo waliosema baadaye ningemnyima. Lakini mtu akitoka kwa mama yake bila radhi anakwenda wapi, na wale walioko nje ndio watakaomlinda? Nikaweka mkono kichwani kwake. Nywele zilikuwa zimekatwa upya, kisogo laini kama cha mtoto mchanga.

"Nimekuwia radhi, Naseeb. Duniani na akhera. Maziwa yangu nimekuhalalishia."

Akataka kusema kitu, na wakati huohuo mmoja wa wale akachungulia mlangoni.

"Tayari, Mheshimiwa?"

Akasimama haraka, akajifuta uso kwa kiganja. "Tayari," akajibu, kwa ile sauti ya kwenye spika. "Gogo alikuwa ananiombea."

"Shame," yule akasema, akanitabasamia.

Naseeb akavaa viatu amesimama. Hajawahi kufungua kamba tangu utoto wake, hukanyaga na kusukuma. Cha kushoto kikagoma. Nilisubiri mpaka kisigino kikaingia, ndipo nikausukuma mlango taratibu, usije ukamgonga.