Alama ya Mbele ya Maikrofoni

Mara ya kwanza mgeni wetu alipouliza nani alitunga wimbo wa "Taa ya Uani", nilidhani anaanzisha mazungumzo tu. Mara ya pili, juma lililofuata, machale yakanicheza. Alipouliza mara ya tatu niliweka chai mezani, nikakaa kwenye kochi katikati yake na baba.

"Jibu si ulishapewa?" nikamwambia.

"Nilipewa, dada. Nauliza tu."

Mimi ni mkaguzi wa mita za maji. Kwa miaka ishirini na miwili nimeingia nyua za watu, na ninamjua mtu anayeuliza tu. Huyu alitoka kwenye hifadhi ya sauti, wale wanaorekodi simulizi za wanamuziki wakongwe wa jazz kabla hawajatutoka. Nyumbani tulimwita Bwana Nyaraka. Alikuja na kisanduku cha bati, mashine ndogo ya kurekodia, na daftari alilolifunika kila nilipopita nyuma yake. Mtu asiye na lake jambo hafuniki daftari hivyo.

Baba, ambaye mji mzima unamwita Mapafu kwa jinsi alivyoipuliza saksafoni, ndiye pekee aliyebaki katika bendi yao. Wenzake wote wameshatangulia mbele ya haki. Na tulishalizwa na watu wa namna hii: mmoja aliazima picha za bendi kwa siku mbili, na mpaka leo tunazisubiri. Lakini picha ni picha. Huyu nilihisi amekuja kuchukua wimbo. Baba ana miaka themanini na mmoja, mapafu yenyewe yamechoka, na kitu pekee alichobaki nacho ni watu kumwona barabarani na kusema, yule ndiye mtunzi wa "Taa ya Uani". Nilikuwa tayari kugombana na yeyote kwa ajili ya sentensi hiyo.

Alipokwenda kunawa mikono, nikalifunua daftari. Ukurasa mzima ulikuwa na mstari mmoja: "Lebo ya santuri, watu 7. Mpiga dramu anasema 8?" Sikuelewa kitu, ila nilizidi kumchukia.

Aliporudi akasema, "Mzee, nisaidie jambo. Siku ya kurekodi wimbo ule, kila mtu alisimama wapi?"

Baba akachangamka. "Mwanangu, hebu nipe chaki."

Chaki haikosi kwenye mkoba wangu wa kazi, maana ndiyo tunayoandikia namba kwenye mageti. Baba akapiga magoti kwa taabu, akaanza kuchora alama za mkasi sakafuni. Zamani, akaeleza, maikrofoni ilikuwa moja kwa bendi nzima, kwa hiyo fundi mitambo aliwapanga kwa kelele zao: wenye kishindo nyuma, wenye sauti ndogo mbele. Stuli ikawa maikrofoni. Dramu akaziweka koridoni, tarumbeta mbili karibu na mlango, besi kando ya friji, magitaa mawili katikati. Alama ya saba akaichora hatua moja tu kutoka kwenye stuli.

"Na mimi hapa," akasema, akainuka.

Bwana Nyaraka aliisogelea alama ile. "Saksafoni, mzee? Hapo mbele?"

Nikasimama. "Unamwita baba yangu mwongo ndani ya nyumba yake?"

"Hapana, dada. Ila saksafoni ikipulizwa hapo, santuri yote itakuwa saksafoni tupu. Wengine wasingesikika."

Nilimgeukia baba ili amkate kilimi. Hakuniangalia. Aliinua mikono kana kwamba ameshika saksafoni, kisha akaanza kurudi kinyumenyume, polepole, akayapita magitaa, mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

"Nilisimama hapa," akasema.

Bwana Nyaraka akainama, akamchorea alama miguuni. Zikawa nane. "Na pale mbele?"

Taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka. Baba akaomba maji, akanywa, akanirudishia glasi.

"Mama yako," akaniambia mimi, si Bwana Nyaraka.

Mama tulimzika miaka sita iliyopita. Sikuwahi kumsikia akiimba, hata jikoni.

"Ile sauti ya kike inayoitikia, watu husema ni mmoja wetu alibana sauti," baba akaendelea. "Ni yake. Na wimbo ni wake. Aliutunga akinisubiri nirudi kutoka dansini. Kiongozi wetu alipoandika lebo alisema tunakaribia kuoana, jina la mke wa mtu kwenye santuri litaleta maneno. Akaandika langu. Nikanyamaza. Tulipooana nikamkataza kuimba, maana angeimba tu, watu wangeitambua sauti."

Nikaikumbuka redio. Kila wimbo ule ulipopigwa, baba aliongeza sauti, na mama aliinuka kwenda kuosha vyombo. Mara nyingine vyombo vyenyewe vilikuwa safi. Nilidhani amechoshwa na majigambo ya baba, nikawa namcheka. Miaka yote hiyo nakamata watu waliochezea mita, na kwetu sikuona kitu.

"Wewe ulijua," nikamwambia Bwana Nyaraka.

"Nilishuku. Mpiga dramu alinisimulia kabla hajafariki kwamba chumbani walikuwa wanane. Karatasi nimezisoma zote, dada. Hazina la zaidi. Aliyebaki wa kuulizwa ni mzee."

Akazima mashine, akatoa fomu ya ridhaa. Ilikuwa na visanduku vitatu: mazungumzo yawe wazi kwa wote, yafungiwe miaka thelathini, au yafutwe. "Ni haki ya mzee," akasema. "Akitaka yafutwe, nafuta mbele yenu."

Baba akanisogezea kalamu. "Wewe umelilinda jina langu kuliko mimi mwenyewe. Chagua. Watu wakiyasikia haya, sina kitu tena."

Nilimkasirikia. Nilimhurumia pia, na hilo likanikasirisha zaidi. Kwa majuma matatu nilikuwa natafuta sababu ya kuizima mashine ile, na sasa nilikuwa nayo mkononi.

"Washa," nikamwambia Bwana Nyaraka. "Muulize tena lile swali lako."

Akawasha. "Mzee, nani alitunga 'Taa ya Uani'?"

Baba alitaja jina la mama, majina yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa. Kisha akachukua kalamu, akaweka tiki kwenye kisanduku cha kwanza, akatia sahihi.

Jioni nilipiga deki sebuleni. Alama saba nikazifuta. Ile ya mbele ya stuli niliizunguka na tambara, nikaiacha.