Skrini ya Melania

Siku ya kwanza Melania aliponipigia simu, nilimharibia kazi ya asubuhi nzima. Ninalisema hilo mapema ili mtu asije akanihurumia bure.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa shirika moja la mbegu, ofisi ya Gitega. Mwaka ule wa 2010 wakimbizi wa Kirundi walikuwa bado wanarudi kutoka Tanzania, na kila familia iliyorudi ilipewa maharage ya mbegu, mahindi na majembe. Majina yao yaliingizwa kwenye programu ya ghala. Programu ilikuwa moja, lakini kompyuta hazikuwa za aina moja. Sisi Gitega tulipewa Mac kuukuu na wafadhili waliokwisha kuzichoka, na wenzetu wa Muyinga walikuwa na Windows. Aliyeitengeneza programu hiyo, popote alipo, aliifanya ifuate desturi za kila mashine, kama mgeni anayevua viatu nyumba hii na kuingia navyo nyumba ile.

Melania alikuwa karani wa Muyinga. Alinieleza kwamba ameingiza majina yote ya tarafa ya Gashoho, sasa kimetokea kidirisha kidogo na anaogopa kukigusa.

"Unaona butoni mbili?" nilimuuliza.

"Naziona. Lakini zimeandikwa Kifaransa, kaka. Mimi nimesoma Tanzania."

"Bon, haina shida. We bonyeza ile iko kulia."

Akabonyeza. Kwenye mashine yangu, kitufe cha kulia ni OK. Kwenye yake, cha kulia kilikuwa Annuler, yaani acha, usihifadhi kitu.

"Majina yamekwenda wapi?" aliuliza. "Nimeyaandika tangu saa mbili asubuhi. Kaka, yamekwenda wapi?"

Nilijitetea vibaya. Nilisema mashine yake ndiyo iko kinyume. Akanijibu, kwa Kiswahili kile kilichonyooka cha watu waliokulia Tanzania, kwamba mashine yake haiko kinyume na kitu chochote, ipo mezani pake imetulia, na mwenye kasoro ni mtu anayeelekeza watu ndani ya nyumba asiyoijua. Kisha akakata simu.

Nilikasirika mpaka jioni. Nilipofika kwangu Magarama hasira ikaisha, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumsimulia. Mke wangu alifariki miaka minne kabla ya hapo, hatukujaliwa mtoto, na nyumba yangu ilikuwa na vyumba vitatu na kikombe kimoja kinachotumika.

Kesho yake nilimpigia mimi. Nikamwomba radhi, nikamwomba anieleze skrini yake kona hadi kona, nami nikaichora kwenye kipande cha katoni, huku nikimweleza yangu. Kwake alama ya kufunga ni msalaba juu kulia. Kwangu ni kiduara chekundu juu kushoto. Kwake menyu inakaa ndani ya dirisha. Kwangu imejitenga juu kabisa ya skrini. Kwake ukifunga dirisha la mwisho, programu nayo imezimika. Kwangu dirisha linaondoka, lakini programu inabaki inafanya kazi, na kitaa kidogo kinawaka chini ya picha yake.

Hilo la mwisho lilimchekesha. "Sasa unajuaje kama umemaliza kazi?"

"Haujui," nilimwambia. "Unaendelea tu."

Nikaibandika ile katoni ukutani, karibu na kompyuta. Tangu siku hiyo, Melania alinipigia kila siku ya kazi, saa tisa na nusu, zaidi ya mwaka mzima. Kila mara alianza na swali. Ya kuchapisha iko wapi kwangu? Nikitaka kurudi nyuma nafanyaje? Ninaangalia katoni, ninamjibu, na jibu lenyewe halimalizi hata dakika. Baada ya hapo hakuna aliyekata simu.

Nilimfahamu hivyo, kidogo kidogo. Alikulia kambini Lukole, Tanzania, na wazazi wake wamezikwa huko. Alirudi Gashoho kwenye mlima wa baba yake, maana kwetu kijiji ni mlima, ambao alikuwa hajawahi kuuona, akakuta watu wanacheka Kirundi chake. Akapanga chumba Muyinga mjini, nako pia wakamwita Mtanzania. Alisema kuna siku anafika jioni bila kuwa amezungumza na mtu zaidi ya salamu. Mimi sikuwa na hadithi kubwa ya kumpa. Nilimpa zilizokuwepo.

"Umekula nini leo, kaka Uthmani?"

"Ndizi na maharage."

"Na jana?"

"Ndizi na maharage."

"Ya kesho usiniambie, acha nikisie mwenyewe."

Sikuwa mtoto, nilijua ninachokingoja. Ikifika saa tisa nilikuwa nimeshapanga meza. Ijumaa nilitoka msikitini kabla wenzangu hawajamaliza kusalimiana, na kama mtu mwingine angepiga simu saa hiyo, ningemjibu kwa kifupi mpaka akajuta. Nilimpenda. Nimechelewa kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, mkuu wetu, Kasiano, aliniletea diski ya toleo jipya la programu. "Wanasema sura yake ni moja kwa mashine zote," aliniambia. "Ijaribu, uniandikie ripoti. Ikiwa nzuri, tunaiweka mpaka Muyinga kabla ya kupanda kwa mwezi wa tisa."

Niliijaribu alasiri moja. Ilikuwa nzuri, tena nzuri ya kuudhi. Vitufe vilikaa mahali pamoja, Mac kwa Windows, vilikuwa na maandishi ya Kiswahili, na orodha ilitoka bila kugoma. Mtu yeyote angeitumia bila kumuuliza mwenzake neno. Nikaangalia ile katoni ukutani. Kesho yake nikamwambia Kasiano kwamba bado kuna mambo siyaelewi, anipe muda. Nilikuwa ninaelewa kila kitu. Nilimdanganya hivyo wiki tatu, kwa uso mkavu, mimi ninayewagombeza wengine kwa uzembe.

Kisha siku moja Melania alipiga simu na sauti yake ilikuwa imechoka.

"Leo orodha imegoma kutoka," alisema. "Kina mama wamekaa nje tangu alfajiri, watoto mgongoni. Wengine wametembea kutoka Gashoho. Nimewarudisha mikono mitupu. Kaka, hii programu itanyooka lini?"

"Karibu," nilimwambia. "Karibu sana."

Niliona aibu ya kweli. Jioni hiyo nikaandika ripoti, mistari miwili, kwamba toleo jipya ni zuri na liwekwe haraka. Kasiano alifurahi, akapanga niende Muyinga Jumatatu inayofuata.

Kesho yake, saa tisa na nusu, simu ya mezani kwangu ikaita. Niliiangalia. Ningemwambia nini? Kwamba kuanzia wiki ijayo hatakuwa na sababu ya kunipigia? Au kwamba wale kina mama wamerudi mikono mitupu kwa sababu ya hofu yangu? Nikasema nitapokea kesho. Kesho yake ikaita tena, nikaiacha. Siku ya tatu, Alhamisi, iliita mara mbili mfululizo, nami nikachukua funguo nikatoka uani, nikasimama huko kama mtu mwenye shughuli.

Ijumaa haikuita. Nilijifariji kwamba Jumatatu nitakuwa mbele yake, na mambo haya yanafaa kusemwa uso kwa uso. Nitamwambia ukweli wa zile wiki tatu. Nitamwomba aendelee kunipigia hata bila programu. Na kama atakubali hilo, nitamwomba na lile kubwa zaidi. Nikanunua shati jipya.

Muyinga nilifika mchana. Kwenye meza yake alikaa msichana wa pale mjini aitwaye Layla, aliyekuwa msaidizi wake.

"Melania iko wapi?" niliuliza, hata kabla ya salamu kuisha.

"Alishaenda, papa Uthmani. Alienda juzi, Jumamosi. Amerudi Tanzania, kwa shangazi yake kule Kibondo."

"Amerudi? Kwa nini?"

"Kontra yake ya kazi iliisha. Walimupatia ingine, asaini, mwisho Ijumaa. Shangazi naye alikuwa anamuita. Yeye akasema, ngojeni kwanza, iko kitu moja nataka kuuliza Gitega. Akapiga, akapiga. Ijumaa akasema basi, haina haja."

"Kitu gani?"

"Mi sijui. Alisema ni mambo ya programu."

"Aliacha namba?"

"Alisema atatafuta laini ya kule. Hajapiga bado."

Nilikaa kwenye kiti chake kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Ukutani, karibu na kompyuta, palikuwa na karatasi kubwa. Ilikuwa skrini yangu. Ameichora kwa rula, kile kiduara chekundu amekipaka kwa kalamu nyekundu, na kutoka kila kitu changu ametoa mshale kwenda kwenye kitu chake. Kuchapisha ilikuwemo. Kurudi nyuma ilikuwemo. Annuler na OK alizipigia mstari mara mbili. Juu kwenye kona kulikuwa na tarehe, ileile ya siku niliyompigia kumwomba radhi.

"Hii tunafanyia kazi kila siku," alisema Layla. "Alituandikia siku za kwanza kabisa. Tangu pale hatujawahi kupotea hata mara moja."

"Na zile simu za kila siku?"

Layla akainua mabega. "Sisi tuliwaza ni kazi."

Niliweka toleo jipya. Halikunisumbua hata kidogo. Nilipomaliza, skrini ya Muyinga ilifanana na ya Gitega kitu kwa kitu, na Layla akaanza kuingiza majina bila kuniuliza swali lolote. Nikaibandua ile karatasi, nikaikunja, nikaiweka ndani ya shati jipya. Hakuna aliyeihitaji tena pale.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu. Simu ilikuwa pale pale mezani pake, mahali mkono wake ulipoizoea. Nikainua mkonga, nikapiga namba ya Gitega, ya meza yangu. Nilitaka kusikia alichokisikia. Ikaita. Ikaita muda mrefu kuliko nilivyokuwa nadhani nilipokuwa nimesimama uani na funguo mkononi, kisha ikakata yenyewe. Nikapiga tena.

Layla akaacha kuandika. "Unapigia nani, papa?"

"Gitega."

"Kwani Gitega si ni weye?"

"Ni mi," nilimwambia. "Sipokei."