Mawe Mawili Ndani ya Hotipoti

Mama Mkubwa aliacha kutembea siku bomba la maji lilipofika uani kwake. Hakutangaza, na wala mwenyewe hakujua. Kabla ya bomba alikuwa akienda kisimani asubuhi na jioni, ndoo kichwani. Kabla ya mashine ya kusaga alikuwa akitwanga, na kabla ya pikapu alikwenda sokoni Majengo kwa miguu, akarudi na kikapu. Kisha serikali ikalegeza masharti ya biashara, mumewe Halfani akafungua duka la vyombo vya Dubai, na kitu kimoja baada ya kingine kikaja kumpumzisha. Kufikia mwaka wa tisini na tatu, nilipokwenda kuishi nao Ipagala, Mama Mkubwa Mwanahawa alikuwa amepumzika kiasi kwamba kutoka kitandani hadi jikoni alisimama mara moja kushika ukuta.

Mimi ni Khairat. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina stashahada ya ualimu wa Kiswahili, na sina kazi. Mwaka ule ajira za serikali zilikuwa zimesimamishwa, na barua yangu ya kuomba kazi imelala kwenye kabati la mtu. Mama yangu, mdogo wake Mwanahawa, alinitoa nyumbani kwetu Kibakwe akaniambia, "Nenda ukamsaidie dada yangu. Anaumwa miguu."

Kumbe ilikuwa sukari. Mwezi wa kumi nilimpeleka hospitali na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, kidonda cha kuchubuliwa na kiatu tu, ambacho kwa wiki sita kilikuwa hakijapona. Daktari Ambokile alikitazama, akakinusa, akaandika kwanza ndipo akasema.

"Mama, vidonge utameza, sukari na wali utapunguza. Kidonda kikikauka, utatembea. Saa nzima, kila siku. Mwezi wa tatu tukipima tukakuta damu yako iko vilevile, tutazungumza habari ya kukata kidole. Na tukianza na kidole huwa hatuishii kwenye kidole."

Tukiwa ndani ya pikapu kurudi nyumbani, Mama Mkubwa alinigeukia.

"Saa nzima," akasema. "Nitembee nikienda wapi?"

Watu wasiotufahamu wangelicheka swali hilo. Mimi sikulicheka. Kwetu mwanamke mtu mzima hatoki nyumbani bila safari. Anakwenda msibani, anakwenda kumwona mzazi, anakwenda dukani. Akionekana barabarani mikono mitupu, anapita, anarudi, kesho anapita tena, watu watamtafutia anakokwenda. Watasema anakwenda kwa mganga. Watasema mumewe ameoa mtaa wa pili naye anamchungulia. Na kwa mke wa Halfani, mwenye bomba na gari, jibu lilikuwa jepesi zaidi: Halfani amefilisika, pikapu imeuzwa, mkewe anatembea.

Kidonda kilikauka mwanzoni mwa Desemba. Nilimnunulia raba za mitumba, nyeupe, zenye soli nene. Akazigeuza, akazitazama chini na juu.

"Hizi nivae na baibui?"

"Vaa, Mama Mkubwa. Nani ataziona?"

"Wataziona wote. Zinang'aa kama meno ya bandia."

Akazitia chini ya kitanda. Siku mbili nzima nilimbembeleza, naye akanijibu kwa neno lile lile: nikienda wapi? Siku ya tatu nikachukua kabatini hotipoti yake mpya, ile ya maua mekundu, nikaifunika kitambaa cha kufuma, nikamkabidhi.

"Unapeleka chakula," nikamwambia.

"Kwa nani?"

"Kwa mtu. Mwanamke mwenye chombo kilichofunikwa umeona akiulizwa? Anasalimiwa, anapishwa njia, kwa kuwa chakula kinapoa."

Akainua kitambaa, akachungulia ndani. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. "Hii ndiyo stashahada waliyokupa?"

Tukatoka. Siku hiyo tuliishia kwa fundi baiskeli, nyumba ya nne. Mama Mkubwa alikuwa anahema, lakini tulipogeuka aliniambia kwa hasira kidogo kwamba hotipoti tupu inayumba mkononi, na mwanamke yeyote mwenye macho ataujua mwendo wa chombo kisicho na kitu. Kesho yake nikatia mawe mawili ya korongoni, nikayazungushia kipande cha kanga yasigongane. Ikatulia vizuri. Sikumwambia kwamba kubeba uzito kulikuwa kunamfaa, maana angeyatoa.

Njia yetu ilipita katikati ya nyumba, ikatoka kwenye mashamba ya uwele, ikafika kwenye korongo. Nyumba ya mwisho kabla ya korongo ilikuwa ya Bi Mwanaidi, mjane asiye na mtoto, mwenye kibaraza cha udongo alichokifagia mpaka kikang'aa. Kila siku alikuwa ameketi hapo, akisuka ukili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wasalimieni mnakokwenda."

"Salamu zitafika."

Tulikuwa tukishuka korongoni, tukikaa juu ya mwamba dakika tano, kisha tukirudi.

Nisiseme uongo: kuna siku nyingi hakutaka. Mguu mzito, jua kali, mvua inakuja, kichwa. Nilijifunza kutomwambia habari za daktari, kwa kuwa hofu ilimrudisha kitandani. Nilimwambia tu, "Twende mpaka kwa fundi baiskeli, tukichoka turudi." Tukifika kwa fundi baiskeli alikuwa ameshaanza kusimulia kitu, na hadithi haigeuzwi njiani. Alinisimulia Kondoa ya utoto wao, jinsi alivyokuwa akiwatangulia kaka zake kupanda mlima kufuata mbuzi, na mama yangu akiwa nyuma analia asubiriwe. Mvua zilipoanza, mashamba yakawa kijani na njia ikawa na tope, yeye ndiye aliyenifuata chumbani. "Khairat, unalala? Chakula cha watu kinapoa."

Ramadhani ilikuja mwezi wa pili. Daktari alimkataza kufunga, na mumewe, Baba Mkubwa Halfani, akalipa fidia ya siku zote asizofunga kwa gunia la mchele, lililopelekwa msikitini kwa pikapu. Matembezi tukayahamishia alasiri, baada ya kuinjika futari. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu. Sikufikiri kwamba hotipoti inayopita mtaani saa kumi na moja mwezi wa Ramadhani si chombo tu. Ni futari, na futari ina mwenyewe.

Ilikuwa siku ya tisa. Tulipofika mbele ya kibaraza cha Bi Mwanaidi, ndala ya Mama Mkubwa ikakatika mkanda. Akasimama. Akainama kuitazama. Bi Mwanaidi akaweka ukili chini, akanyanyuka kwa kushika goti, akaja mpaka barabarani na mikono yote miwili mbele.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilijua ipo siku mtanikumbuka. Mungu awape wazazi wenu kauli njema. Mungu aulinde mlango wa Halfani."

Alikuwa ameshaipokea hotipoti. Ungemwambia nini mwanamke aliyeshika chombo namna hiyo, huku anawaombea marehemu wako? Mimi, msema hovyo, niliye na stashahada, nilisema, "Amina."

Tuligeuka kurudi. Mama Mkubwa alikuwa na ndala moja mguuni na nyingine mkononi, mguu wa kushoto ukikanyaga tope, nami nikiutazama ule mguu kuliko njia. Tulipoingia uani akauosha, akaukagua kidole kwa kidole, akaukausha. Kisha akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa raba.

"Pakia," akasema.

"Nini?"

"Vyote. Kunde, viazi, tambi. Uji tia kwenye chupa ya chai."

"Mama Mkubwa, hiyo ni futari ya nyumba. Baba Mkubwa anakuja na wageni wake wa Kondoa."

"Halfani ana duka. Yule bibi ana mawe."

Ilikuwa imebaki nusu saa hivi kabla ya magharibi. Pikapu iko dukani, mjini. Tukabeba sufuria mbili, yeye moja mimi moja, na chupa ya chai kwapani mwangu. Nilikuwa nimefunga, koo limekauka kama ukili, na nilimwambia tupunguze mwendo.

"Punguza wewe," akajibu.

Akanipita. Mwanamke aliyekuwa akishika ukuta kwenda jikoni alinipita mbele ya fundi baiskeli, baibui limekamatwa mkono mmoja, raba nyeupe zinapigapiga tope. Fundi alisimama na spana mkononi. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti, "Kuna msiba wapi?" Kwenye shamba la uwele nilisikia pumzi yake, ndefu na sawa, haikuwa ile ya kukatika ya Desemba. Nilitamani Daktari Ambokile awe amesimama pale kwenye matuta na kalamu yake.

Adhana ilianza tukiwa tunakiona kibaraza.

Bi Mwanaidi alikuwa juu ya mkeka, glasi ya maji mkononi. Hotipoti iko wazi. Mawe mawili ameyatoa kwenye kanga, ameyaweka juu ya sahani mbele yake, kwa adabu, kama mtu aliyepakuliwa.

"Karibuni tufuturu," akasema. "Maji nimeyanywa. Haya mengine meno hayatoshi."

Nikapiga magoti pale pale. "Bibi, nisamehe. Ni mimi niliyetia. Hatukukusudia wewe."

"Samahani baadaye. Pakua kwanza."

Nikapakua. Alikunywa uji, akala viazi viwili taratibu, ndipo akamgeukia Mama Mkubwa aliyekuwa ameegemea nguzo akijifuta jasho.

"Miezi miwili na zaidi hotipoti hii inanipita," akasema. "Nikajiambia, huko ng'ambo ya korongo wana mgonjwa wao wanampelekea chakula. Sikuwaonea wivu. Nilikuwa namwombea huyo mgonjwa, kila mkipita."

Mama Mkubwa akaja akaketi ukingoni mwa mkeka. "Mgonjwa ndiye mimi, Mama. Sukari. Nimeambiwa nitembee, na nilikuwa sina pa kwenda."

Bi Mwanaidi akamtazama, akaanzia kwenye raba akapanda mpaka usoni.

"Ulikuwa huna pa kwenda," akasema, "na mimi nimeketi hapa."

Akaivuta sahani, akayaondoa mawe, akaniambia nile.

Tulipofika nyumbani Baba Mkubwa na wageni wake wawili walikuwa wamekwishafuturu kwa tende na maji ya bomba, na jiko limepoa. Mbele ya wageni hakusema kitu. Ni mtu wa heshima. Aliniita kesho yake alasiri, alipotoka dukani mapema.

"Kaa," akasema. Nikakaa.

"Nimeuza masufuria miaka saba, sijasikia niliyoyasikia leo. Asubuhi mteja ananiuliza, Halfani, ni kweli kwako mnapika mawe? Mwingine ananipa pole ya msiba, maana mke wangu ameonekana anakimbia. Ameonekana na raba! Wageni wangu wamelala na tende. Sasa wewe ni msomi, maneno unayo. Utaniomba radhi mimi, na utawaandikia wageni wangu. Na kutembea kumekwisha. Mama yako mkubwa akitaka kwenda mahali, gari ipo. Ukiona ni vigumu, Kibakwe basi linaondoka kila siku."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonipa kazi. Kila kitu kilichomuua miguu mkewe alikileta yeye kwa mapenzi, akakilipia. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nayo, kweli. Ningeweza kumpangia yakamliza. Na ningekuwa nimemweka Mama Mkubwa tena ukutani kwa mkono wangu mwenyewe, wiki tatu kabla ya kupimwa.

Pazia la mlangoni likafunuliwa. Mama Mkubwa alikuwa na baibui tayari, raba amezifua, hotipoti mikononi. Mvuke ulikuwa unatoka pembeni mwa mfuniko.

"Khairat, uko tayari? Bi Mwanaidi alisema kunde zizidishwe chumvi."

Kisha akamwona mumewe, akanyoosha shingo kidogo, akabaki amesimama pale pale mlangoni. Hakurudi ndani. Baba Mkubwa alimtazama yeye, akaitazama hotipoti, akanigeukia mimi.

"Nasubiri," akasema.

Nikasimama, kwa kuwa neno zito humwambii mtu mzima ukiwa umekaa.

"Baba, Bi Mwanaidi nimemwomba radhi, na nimempigia magoti. Wageni wako siku watakayorudi nitawapikia, na watashiba. Daktari akipima mwezi wa tatu sijui atakuta nini, siwezi kukuahidi. Lakini unanitaka niombe radhi kwa kumtembeza Mama Mkubwa."

"Ndiyo."

"Siombi."

"Unasemaje?"

"Nasema siombi, Baba. Hata nikirudi Kibakwe, sitaomba."