Mdundo wa Kungoja

Wale wanaume wawili wa kiwandani walipotoka katika chumba cha kuvalia, mwimbaji aligundua kwamba bado ameshika wanja na jicho moja tu ndilo lililopakwa. Walikuwa wapole kupita kiasi. Simulia utakavyo habari za moto wa kiwanda, dada, walimwambia. Wataje marehemu. Ila yule kijana wa ghala mwache, alitoroka, hakuungua. Kisha mmoja akamuulizia mdogo wake, kama leo atakuja kutazama.

Kijana wa ghala alikuwa binamu yake. Mama wa kijana, Shangazi, ndiye mpiga ngoma wao.

Na Shangazi mwenyewe alikuwa amekataza jambo lilelile. "Mwanangu hajafa. Kama alikimbia, atarudi. Ukimwimba na wafu, we mtoto, utakuwa umenizikia mtu aliye hai."

Mwimbaji alikuwa na kisingizio kizuri cha kunyamaza, basi. Alikishukuru, na kushukuru huko kukamtia aibu.

Alimkuta Shangazi jukwaani akikaza kamba za ngoma.

"Umepaka jicho moja. Unamkonyeza nani?"

"Shangazi, kuna watu wa kiwandani wamekuja. Hawataki nimtaje binamu."

Mikono ikasita juu ya kamba. "Wamesema hivyo?"

"Ndiyo. Lakini si hata wewe hutaki? Basi yameisha."

 Shangazi alilikaza fundo mpaka vidole vikapauka.

Onyesho lilianza alasiri, lakini mapazia mazito ya ukumbi yaliuzuia mwanga wote wa nje. Mwimbaji alisimulia hadithi ya bibi yake, ile ya zimwi lililofunga mlango kwa nje, na ndani ya hadithi hiyo akaingiza cherehani, moshi, na funguo mfukoni mwa msimamizi. Aliimba, akacheza, mikono ikisukuma vitambaa visivyokuwepo. Wakati wote macho yake yalikuwa kwenye safu ya pili, alipokaa mdogo wake. Kiti cha nyuma ya mtoto kilikuwa kitupu. Alipogeuka tena, mmoja wa wale wawili alikuwa amekikalia.

Likabaki ombolezo, kama bibi alivyowafunza. Ngoma hupiga mdundo wa kungoja, mdogo, kama mtu anayebisha hodi. Mwimbaji hutaja jina. Ukumbi huitikia, "Tupo naye!" Ngoma hunguruma, kisha hodi nyingine. Majina yakiisha, ngoma hunyamaza.

Alitaja la mwisho. Ukumbi ukaitikia. Ngoma ikanguruma.

Kisha ikabisha hodi.

Mwimbaji akageuka.  Ngoma ikabisha tena.

"Shangazi, yameisha," alinong'ona.

"Kama alitoroka," Shangazi alisema chini ya mdundo, macho makavu, "kwa nini wanaliogopa jina lake?"

Hodi. Hodi. Kule safu ya pili yule mwanamume alikuwa ameinama, mkono wake umelala begani kwa mtoto, kama baba.

Mwimbaji aliutazama mkono ule.  Akalitaja jina la binamu yake lote, na la baba yake, kwa sauti iliyopasuka katikati.

"Tupo naye!" Wa kwanza kuitikia alikuwa mdogo wake.

Ngoma ikanguruma, na Shangazi akatoa kilio alichokuwa amekibana tangu siku ya moto. Hapo hapo taa zikazimika.

Viti vilianguka. Watu walipiga kelele. Mwimbaji aliita jina la mdogo wake, akaita tena, asisikie jibu. Mkono ukamkamata kiwiko, akaruka, kisha akaujua ule ugumu wa kiganja.

"Usikimbie, utamkanyaga," Shangazi alisema. "Mwite, nami nitangoja."

Akaanza kupiga, polepole, hodi, hodi, na kelele zikapungua kwa sababu kila mtu aliujua sasa mdundo huo. Mwimbaji akaita.

 Ngoma ikangoja.

"Dada!" Sauti ilitoka mbali, upande wa mlango, kama ya mtu anayevutwa.

"Tupo naye," mama mmoja akasema gizani, karibu kabisa na sauti ile. Kisha mwingine. Kisha nyayo nyingi zikaanza kwenda upande wa mlango, kumzunguka mtoto.