Vipande Viwili vya Chokoleti

Tangazo kwenye mlango wa stoo ya chakula niliandika mimi, kwa herufi kubwa: farasi asipewe chokoleti, hata kipande. Kila mtu hapa Curragh, kwenye mazizi ya farasi wa mbio, anajua kwamba chokoleti huonekana kwenye vipimo vya mkojo kama dawa iliyopigwa marufuku. Na bado niliyempa ni mimi.

Ilikuwa Agosti, asubuhi ya mbio za farasi majike wa miaka miwili. Bosi wangu, mzee Malachy Geoghegan, alikuwa amezishiriki mara tisa bila kushinda. Nóinín, farasi wetu, akagoma kupanda lori. Nilimbembeleza, nikamwimbia, wapi. Mfukoni nilikuwa na chokoleti yangu ya kushushia na chai. Vipande viwili tu, akapanda kwa adabu zake.

Akashinda kwa tofauti ya kichwa. Mzee alilia mbele za watu, nami nimeshika hatamu, natabasamu kama bibi harusi.

Wiki tatu baadaye majibu ya mkojo yakaja na ushindi ukafutwa. Mzee akatukusanya stoo wafanyakazi wote wanne, chini ya tangazo langu.

"Nani?"

Macho yakamwendea Cathal, mpenda peremende, ambaye mifuko yake haikosi makaratasi.

"Msinitazame hivyo," Cathal akasema. "Siku hiyo hata sikumgusa. Dymphna, si wewe uliyempakia? Hebu waambie, dada."

"Mimi nilikuwa na kazi zangu," nikajibu. "Sikuangalia nani kapita."

Mzee akamwambia Cathal kazi imekwisha, naye akaenda kufungasha buti zake. Nyumbani alikuwa na mapacha wachanga.

Zikapita siku nne. Jumapili, baada ya misa, nikamkuta Mzee mlangoni kwa Nóinín.

"Mzee, ni mimi. Cathal hana kosa."

Hakugeuka. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu barua ilipofika. Huyu farasi kila akikuona anakupekua mfuko. Mimi hajawahi kunipekua."

"Sasa Cathal umemfukuzia nini?"

"Wakubwa wa mbio walitaka kuona nimemwajibisha mtu. Cathal atapata kazi kwingine. Huyu binti hataki mkono mwingine ila wako, na Aprili ana mbio. Nenda kamsafishe, Dymphna, na mdomo ufunge."

Nilipaswa kuchukua koti langu nikaenda moja kwa moja kwa Cathal. Njia naijua, ni dakika kumi kwa baiskeli. Badala yake nikasikia nafuu, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana, na nafuu hiyo ndiyo inayoniaibisha mpaka leo kuliko chokoleti yenyewe.

Nikaingia bandani. Nóinín akaleta pua mfukoni mwangu, akapekua. Nikamsukuma kichwa pembeni, nikachukua brashi.